Mpunga pepo wa Georgetown, na shetani aliyeagizwa kutoka mbali

Kuna ubishi wa kijiweni ambao huwa hauishi: picha gani inatisha kuliko zote? Kila mtu ana yake. Wapo wanaoapa kwa zile za Kijapani, za msichana mwenye nywele ndefu anayetokea kwenye televisheni. Wapo waliowahi kulala na taa inawaka kwa sababu ya kanda za Kinaijeria. Mimi nikiulizwa nataja The Exorcist, halafu nachekwa. Ile ya zamani? Mbona haitishi tena?

Sawa, tuseme haitishi. Mimi kinachonivuta ni habari za watu walioitazama, ugomvi waliougombana juu yake, na namna ugomvi ule ulivyofika Nigeria na Zambia bila wengi kushtuka. Chukueni chai, habari yenyewe ni ndefu.

Tuanze na asili. Mwaka 1949 mvulana mmoja wa jimbo la Maryland, jirani na Washington, alisemekana amepagawa. Familia yake walikuwa Walutheri, lakini mwisho wa yote walioshughulika naye ni mapadri Wajesuiti wa mjini St. Louis, wakiongozwa na Padri William Bowdern. Agosti ya mwaka huohuo gazeti la Washington Post likaandika habari hiyo. Kijana mmoja aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Georgetown, William Peter Blatty, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon, akaisoma na haikumtoka kichwani. Ilimchukua zaidi ya miaka ishirini kuitolea riwaya, ambayo ilichapishwa 1971. Ndani yake mvulana akawa msichana wa miaka 12 aitwaye Regan, mama yake akawa mcheza sinema maarufu, na nyumba ikahamia Georgetown. (Wanahabari wenzangu mnaodharau habari za ukurasa wa ndani, mpo?)

Kitabu kikauzika kama njugu. Kampuni ya Warner Bros. ikaitaka filamu, Blatty akaandika mwenyewe mswada, na kazi ya kuongoza akapewa William Friedkin, aliyekuwa ametoka kuchukua Oscar kwa The French Connection. Friedkin alikuwa mtu wa mkono mzito. Chumba cha Regan alikiwekea mitambo ya baridi mpaka pumzi za waigizaji zikaonekana kama moshi. Padri William O'Malley, padri wa kweli aliyeigiza kama padri, alimzaba kibao kabla ya kumpiga picha ili mikono yake itetemeke vizuri. Ellen Burstyn, aliyekuwa mama wa Regan, alifungwa kamba, akavutwa kwa nguvu aanguke, akaumia mgongo. Ukelele unaousikia pale ni wa kweli. Seti ya nyumba iliungua moto. Mwigizaji Jack MacGowran alifariki Januari 1973, kabla filamu haijatoka.

Haya yote yakaandikwa kwamba filamu ina laana. Mimi naona tofauti. Ukimfunga mtu kamba ukamvuta mpaka akaumia, huo ni uzembe kazini, na angetakiwa kulipwa fidia. Lakini laana inauza tiketi, uzembe hauuzi.

Filamu ilitoka tarehe 26 Desemba 1973, siku moja baada ya Krismasi, kwenye kumbi chache tu za Marekani. Watu wakajipanga foleni usiku wa manane, baridi ikiwapiga. Ndani, wengine walizimia, wengine walitapika, wengine walitoka mbio kabla ya nusu. Waandishi wakapeleka kamera kwenye foleni. Waliotazama habari usiku wakaja kesho yake kuona kama na wao watazimia. Kazi yangu inanilazimisha niiangalie sehemu hii kwa makini, kwa sababu ukweli ni kwamba hofu ile ilitengenezwa na watu wawili: Friedkin ndani ya ukumbi, na mwandishi wa habari nje. Mtu aliyesimama saa nne kwenye theluji akisikia kwamba fulani ametolewa kwa machela, akiingia ndani tayari ameshaanza kuzimia. Hata madaktari waliingia kwenye mkumbo. Mwaka 1975 James Bozzuto alichapisha kwenye jarida la magonjwa ya akili ripoti ya wagonjwa waliofika hospitali baada ya kuitazama. Wangapi? Wanne. Kwa kelele zilizokuwepo ungedhani ni wadi nzima.

Uingereza, ilikoanza kuonyeshwa Machi 1974, mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Vikundi vya Wakristo vilisimama milangoni kugawa vipeperushi, watu wa huduma ya kwanza wa St John wakawa tayari, na baadhi ya halmashauri za miji zikaipiga marufuku kwenye maeneo yao. Matokeo yake? Yakaandaliwa mabasi maalumu ya kuwapeleka watu mji wa jirani wakaione. Baadaye, sheria ya kanda za video ya 1984 ilipoanza kufanya kazi, wakaguzi hawakutaka kuipa cheti cha kutazamwa majumbani, na kuanzia 1988 kanda yake ikatoweka madukani mpaka 1999. Waingereza walikaa miaka kumi na moja bila kanda halali ya picha iliyokuwa imewahi kuonyeshwa kwenye kumbi zao.

Wahakiki waligawanyika. Roger Ebert aliipa nyota zote nne huku akishangaa kwa nini watu wanataka kuteseka hivyo. Pauline Kael wa New Yorker aliichana bila huruma. Mhubiri Billy Graham alisema kuna uovu ndani ya filamu yenyewe. Ofisi ya Wakatoliki ya kupima filamu Marekani, kwa upande wake, iliiruhusu kwa watu wazima wenye tahadhari, na Wajesuiti walikuwa washauri na waigizaji. Si ajabu, maana ni picha ambayo padri ndiye stelingi. Ilitajwa kuwania Oscar kumi, ya filamu bora ikiwemo, jambo ambalo picha ya kutisha haikuwahi kulipata, na ikachukua mbili: mswada na sauti. Fedha ndiyo usiseme. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 12, na mpaka leo, ukijumlisha marudio yote, imeingiza zaidi ya dola milioni 400.

Ugomvi wote huo ulikuwa juu ya swali moja: shetani yupo au hayupo? Kuna swali lingine ambalo halikupewa nafasi. Shetani wa picha hii katoka wapi, na nani anaruhusiwa kumtoa?

Rudini kwenye foleni muangalie vizuri waliosimama. Wamarekani Weusi walikuwa wengi mno. Makadirio ambayo wanahistoria wa filamu huyanukuu yanasema hadi asilimia 35 ya watazamaji. Mjini Los Angeles kampuni ilikuwa imeiweka filamu kwenye ukumbi wa Westwood, mtaa wa Wazungu wenye nafasi zao, lakini watu Weusi wakasafiri kuifuata huko, ndipo ikafunguliwa na kumbi nyingine. Ndani ya picha yenyewe hakuna mtu Mweusi wa maana. Wakubwa wa Hollywood wakajifunza somo la kibiashara: kumbe watu hawa wanakuja hata bila kuwatengenezea picha zao. Na kweli, miaka michache baadaye picha za waigizaji Weusi zilizokuwa zimefurika mwanzoni mwa miaka ya sabini zikakauka.

Mmoja wa Weusi walioiona ni James Baldwin. Huyu hakuwa mtu wa kutishwa na kanisa, maana mwenyewe alihubiri Harlem akiwa na miaka 14. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1976, The Devil Finds Work, anamalizia na The Exorcist, na anaikataa kabisa, si kwa sababu inatisha bali kwa sababu haitishi inavyopaswa. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba mtu Mweusi wa Marekani amemwona shetani uso kwa uso, macho makavu, amevaa sare, au yuko nyuma ya meza ya benki, au anatia saini, na shetani huyo hahitaji kurusha kitanda hewani. Picha inayomweka uovu wote ndani ya mwili wa mtoto mmoja, halafu ikamtoa dirishani, inampa mtazamaji nafasi ya kurudi nyumbani akiwa msafi. Mimi naipenda filamu hii na bado nakubali kwamba Baldwin ameipiga penyewe.

Sasa shetani mwenyewe. Filamu haianzii Georgetown. Inaanzia kaskazini ya Iraq, kwenye magofu ya Hatra, jirani na Mosul, ambako Friedkin alikwenda kupiga picha kwelikweli mwaka 1973. Adhana inasikika, jua linawaka, wachimbaji wanachimba, na mzee Padri Merrin anaokota kichwa kidogo cha kuchongwa. (Max von Sydow alikuwa na miaka arobaini na kitu tu, uzee ule ni vipodozi vya Dick Smith.) Baadaye Merrin anasimama mbele ya sanamu kubwa yenye mabawa. Huyo ni Pazuzu, mfalme wa pepo wa upepo katika imani za kale za Mesopotamia. Ujumbe wa mtazamaji wa Marekani uko wazi: balaa limefukuliwa Mashariki, linakuja nyumbani kwako.

Ila Pazuzu wa kweli alikuwa na kazi mbili. Alikuwa mkali na mharibifu, ndiyo, lakini watu wa kale walivaa kichwa chake shingoni na kukitundika nyumbani ili kimfukuze Lamashtu, aliyeaminiwa kuwadhuru wajawazito na watoto wachanga. Yaani kwa mama wa Kiashuru, Pazuzu alikuwa ulinzi wa mtoto. Mswada wa Blatty unalijua hilo, kwa sababu pale Iraq mtu mmoja anamwambia Merrin kwamba kichwa kile ni uovu wa kupambana na uovu. Sentensi moja tu, halafu filamu inasahau. Mlinzi wa watoto akapewa kazi ya kumtesa mtoto.

Hapa inabidi nimlete shangazi yangu wa Pangani. Niliwahi kuitazama picha hii naye sebuleni, mimi nikiwa mtafsiri. Alikaa kimya mpaka mapadri wanaingia chumbani na maji ya baraka, ndipo akauliza, "Sasa hao mbona wanamkemea tu? Hawamwulizi anataka nini?"

Swali lile lina historia. Sisi kazi ya mapadri wale tunaiita kupunga pepo, kitenzi kilekile cha kupunga mkono na kupunga upepo. Ukiangalia pepo na upepo, unaona lugha yenyewe iliwahi kumjua Pazuzu kabla ya Hollywood. Lakini kwenye ngoma za pwani, kupunga mara nyingi hakukuwa kufukuza. Pepo hupandishwa kichwani, huulizwa jina na kwao, hutaja anachotaka, kitambaa, chano, marashi, sadaka, na wanapatana. Mgonjwa anaweza kuishi naye maisha yote wakiwa wameelewana. Sisemi mfumo huu ni bora. Unakula pesa za watu maskini, na wapo waliocheleweshwa kwenda hospitali wakafa. Wala tusijifanye kwamba kuagiza pepo kutoka ugenini ni tabia ya Wamarekani peke yao. Unguja kuna pepo wa kibuki waliotoka Bukini, yaani Madagaska, kuna wa Habeshi, kuna maruhani wa Kiarabu. Kila mtu pepo wake ni mgeni. Tofauti ni kwamba kwetu mgeni huyo alipewa kiti.

Tukirudi Marekani, Desemba 1974 ilitoka picha iitwayo Abby, ya kampuni ya American International Pictures, iliyoongozwa na Mzungu William Girdler na kupigwa mjini Louisville, Kentucky. Waigizaji karibu wote ni Weusi. William Marshall, ambaye wengi walimjua kwa Blacula ya 1972, ni mchungaji msomi aliyekwenda Nigeria kwa utafiti. Huko anafungua kisanduku cha kuchongwa, upepo unamkumba, na kilichokuwa ndani kinavuka bahari mpaka nyumbani kwa mwanawe, naye pia mchungaji, na kumwingia mkewe Abby. Carol Speed anaicheza nafasi hiyo mpaka jasho. Mke mpole wa mchungaji, mshauri wa ndoa kanisani, anaanza kusema mambo ambayo hakuna mke wa mchungaji anayeyasema. Mwishoni Marshall anampunga ndani ya baa, si chumbani, na kwenye maombi yake anachanganya Ukristo na mambo ya Kiyoruba.

Jina la pepo wa Abby ni Eshu. Hapo ndipo mimi nilipoisimamisha picha nikainuka kwenye kiti. Eshu kwa Wayoruba ni mjumbe kati ya binadamu na orisha wengine, mwenye njia panda, mjanja, mtia watu majaribuni, anayepewa sadaka kwanza ili sadaka za wengine zifike. Kumwita shetani ni kosa, lakini Hollywood haikulianzisha. Lilifanywa karne ya 19, Biblia ilipotafsiriwa kwa Kiyoruba chini ya Samuel Ajayi Crowther, ambaye mwenyewe alikuwa Myoruba, aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto na baadaye akawa askofu wa Kianglikana. Palipohitajika neno la Ibilisi, likawekwa Eshu. Watafsiri wa Kiswahili walikuwa na bahati ya kukuta Shetani na Ibilisi tayari wamefika na dhow kutoka Uarabuni. Hata hivyo pepo wetu hawakupona, nao wakaingizwa mle wakiwa wachafu moja kwa moja.

Abby ilianza kuingiza pesa vizuri. Warner Bros. wakaenda mahakamani wakisema ni wizi wa The Exorcist, na filamu ikaondolewa kwenye kumbi. Kufanana kupo, sibishi. Lakini mwaka uleule Waitalia nao walitoa picha zao za wasichana waliopagawa, na nakala kama hizo zimejaa miaka ile yote. Iliyozimika kabisa ni ile ambayo mpunga pepo wake alikuwa Mweusi.

Kisha Warner wenyewe wakaja Afrika. Mwaka 1977 walitoa Exorcist II: The Heretic ya John Boorman. Pazuzu sasa anatajwa kwa jina, kuna makundi ya nzige, kuna James Earl Jones kavaa vazi la nzige, na Afrika yenyewe ni ya kujengwa studio. Watazamaji walicheka mpaka Boorman akalazimika kuikatakata upya ikiwa tayari iko kumbini. Siwashauri muitafute.

Na hapa ndipo pananiuma zaidi. Aprili 1973, wakati Friedkin bado anahangaika na filamu yake, Askofu Mkuu wa Lusaka, Emmanuel Milingo, alianza kuwaombea watu waliosumbuliwa na pepo wanaoitwa mashawe. Habari zikaenea, maelfu wakamfuata. Huyu hakuwa mwigizaji. Alikuwa askofu mkuu kamili, ndani ya kanisa lilelile ambalo Papa wake, Paulo VI, alikuwa amehutubia Novemba 1972 kwamba shetani ni kiumbe halisi. Lakini Milingo aliagizwa aache mikutano yake. Mwaka 1982 akaitwa Roma, akapimwa na madaktari, akili ikiwemo, na mwaka 1983 akajiuzulu uaskofu wa Lusaka. Akapewa kazi ya ofisini Roma. Waitaliano nao wakaanza kumfuata kwa maelfu awaombee.

Najua alikoishia: ndoa ya 2001 iliyofungishwa na kanisa la Moon, kutengwa na Kanisa 2006, kuvuliwa daraja 2009. Waliompinga wana mengi ya kusema. Ila wekeni matukio mawili sambamba. Dunia nzima inalipa kiingilio kumtazama padri Mzungu akimtoa mtoto wa Kizungu pepo aliyetoka Iraq, na wahariri wanauliza kwa heshima kama imani inarudi. Askofu Mwafrika anafanya jambo hilohilo Lusaka, kwa wanawake wa Lusaka, na pepo waliojulikana kwa majina, na anapelekwa kupimwa akili.

Mwaka 2023 ilitoka The Exorcist: Believer. Inaanzia Haiti, familia mojawapo ni ya Weusi, na safari hii chumbani kuna watu wa madhehebu mbalimbali pamoja na mama mmoja mganga wa mizizi. Wahakiki waliiponda, na kwa kweli ni picha butu. Friedkin alifariki Agosti mwaka huo, wiki chache kabla haijatoka. Magofu ya Hatra yaliharibiwa na wapiganaji wa ISIS mwaka 2015, nyundo mkononi, wakisema wanavunja masanamu.

Abby, kwa miaka mingi, ilipatikana tu kwa watu wenye kanda za kunakili. DVD iliyozunguka miaka ya 2000 ilitoka kwenye kopi chakavu ya milimita 16, rangi zimefifia, sauti inakwaruza. Ukiipata itazame hivyohivyo, hasa Marshall anapoingia kwenye ile baa akiwa amevaa kola ya uchungaji na dashiki.